Mazoezi kwa mgonjwa wa saratani ya damu anayepata kemo: ninavyofanya hapa Tanga

Nimemaliza majuma kadhaa ya kwenda Makorora kumfanyisha mazoezi kijana mwenye leukemia, aliyerudishwa nyumbani apumzike kati ya dozi na dozi ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Siku ya kwanza shangazi yake alinizuia mlangoni: "Mwanangu, huyu damu hana, utamtembezaje?" Swali lake lilikuwa la haki. Lakini kulala kutwa huanza kupunguza misuli ndani ya siku chache, na uchovu wa kemo hauondoki kwa usingizi. Mazoezi mepesi huupunguza. Kazi ni kujua siku ipi ufanye nini.

Hatua ya 1: Pima joto

Tumia themomita ya dijitali. Kiganja kwenye paji la uso si kipimo. Ikisoma 38 au zaidi, hakuna mazoezi: ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usimpe panadol ili "tuone kwanza", kwa sababu itashusha joto huku maambukizi yanaendelea. Aspirini, diclofenac na ibuprofen zisimkaribie kabisa. Zinazidisha kutoka damu.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya damu

Hapa usiwe na haraka. Miaka ya nyuma niliwahi kutazama HB (kipimo cha wingi wa damu) peke yake, nikaona 9, nikafurahi, nikampandisha mama mmoja ngazi mara kadhaa. Jioni pua ikaanza kutoka damu, ikaendelea kwa zaidi ya saa mbili, mpaka akaongezewa chembe sahani. Kumbe PLT yake ilikuwa 14, imeandikwa mistari michache chini ya pale niliposoma.

PLT ndizo chembe sahani, zinazogandisha damu. Mtu mzima huwa nazo kuanzia 150 hivi. Karatasi moja inaweza kuandika 14 na ya maabara nyingine 14,000. Ni kiasi kilekile, ya kwanza inahesabu kwa maelfu. Mimi na shangazi tulikaa na karatasi mbili mkekani asubuhi nzima tukidhani kijana amepona ghafla.

Mipaka ninayofuata, baada ya kukubaliana na daktari anayemtibu (nawe mwonyeshe wako), ni hii. PLT chini ya 10 (kwa maelfu): akae, apumue vizuri, azungushe viungo taratibu kitandani, basi. Kuanzia 10 hadi 20: mazoezi ya kiti na kutembea ndani. Kuanzia 20 hadi 50: kutembea nje na uzito mdogo sana, bila kukaza pumzi. Zaidi ya 50 ndipo ngazi huruhusiwa. Na baiskeli, najua mji huu ni wa baiskeli, lakini mimi siiruhusu mpaka daktari aseme mwenyewe. Kuanguka na kugonga kichwa chembe zikiwa chache kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo. HB ikiwa chini ya 8, punguza kila kitu.

Tazama na tarehe. Majibu ya Jumatatu hayakuambii habari ya Ijumaa. Baada ya dozi ya aina nyingi za kemo, chembe hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika matibabu ya mwanzo ya leukemia kali (acute, ile inayokuja kwa kasi) zinaweza kukaa chini kwa majuma. Kwa hiyo kagua mwili pia: alama mpya za kuvilia damu, fizi zinazotoa damu. Vidoadoa vyekundu havionekani upesi kwenye ngozi nyeusi. Mulika kaakaa kwa tochi ya simu. Ukiviona, acha mazoezi, piga simu hospitali.

Hatua ya 3: Simama, kaa

Kiti chenye mikono, kimeegemezwa ukutani. Mara 5, pumzika, mara 5 tena. Prednisolone, mojawapo ya dawa za matibabu haya, hulegeza misuli ya mapaja, ndiyo maana zoezi hili nalipenda kuliko yote.

Hatua ya 4: Nyayo

Vincristine, mojawapo ya dawa za kemo, inaweza kutia ganzi miguuni. Yule kijana alipanda kizingiti, kandambili moja ikabaki nyuma, naye akaendelea hatua tatu bila kujua. Tangu siku hiyo ni viatu vya kufunga tu, hata ndani. Akiwa ameketi, ainue vidole vya miguu, kisha visigino, mara 10.

Hatua ya 5: Kutembea

Kabla jua halijawa kali, au baada ya saa kumi na moja jioni. Aweze kukusimulia jambo huku anatembea. Akianza kukatisha maneno, akae.

Andika kila siku kwenye daftari, si kwenye simu: joto, PLT na tarehe yake, hatua alizotembea. Daftari la Makorora lilianza na hatua 12, kitandani hadi mlangoni. Juma la tatu shangazi mwenyewe aliandika: "Barazani, karudi, kaomba uji."