Kufika KIA kwa kosta na bodaboda: kutoka Arusha, Moshi na njia ya Dar

Ukiita teksi Arusha mjini au Moshi mjini ikupeleke Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA), dereva ataanza na bei ya kama dola 50. Kwa kosta (basi dogo la abiria) na bodaboda safari hiyohiyo haifiki robo ya hela hiyo, hata ukipigwa kidogo njiani. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1971, ukawekwa katikati ya miji miwili: kama kilomita 50 kutoka Arusha na 40 kutoka Moshi, ndani ya wilaya ya Hai. Kwa hiyo magari ya Arusha–Moshi yanapita jirani nao siku nzima, ila hayaingii. Yanakuacha barabara kuu, kwenye njia panda ya KIA, na hapo zinabaki kilomita 6. Wanaochelewa ndege huchelewa kwa sababu ya kilomita hizo 6, au kwa sababu ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Barabara kuu yenyewe haina shida.

Kwanza tiketi

Angalia herufi tatu za uwanja. JRO ndiyo KIA. ARK ni uwanja mdogo wa Arusha, ule wa Kisongo, barabara ya kwenda Dodoma. Ndege nyingi ndogo za Serengeti na Zanzibar zinaruka kutoka Kisongo, na kwenye tiketi zote mbili neno "Arusha" au "Kilimanjaro" linaweza kukupita ukisoma haraka kwenye simu. Ukijikuta Kisongo wakati ndege yako iko KIA, una kazi ya kuvuka mji mzima kisha kuanza safari yenyewe.

Halafu saa. Tiketi inaandikwa kwa saa 24, na haijui saa ya Kiswahili. 07:15 ni saa moja na robo asubuhi. Mwenye kuona 7 akafikiria saa saba mchana, ndege imeshaondoka zamani. Kibaya zaidi ni ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema tarehe 15, 02:40, hiyo ni saa nane na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake unatoka nyumbani tarehe 14, tena kabla jua halijazama. Ukisubiri tarehe 15 jioni uondoke, umekosa ndege kwa zaidi ya nusu siku. Andika saa hiyo kwa maneno kwenye karatasi, umuonyeshe mtu mwingine aisome.

Hesabu saa kwa kurudi nyuma

Tuseme ndege ya ndani inaruka 13:30, yaani saa saba na nusu mchana. Saa ya kufunga kaunta imeandikwa kwenye masharti ya tiketi. Kwa ndege za ndani mara nyingi ni kati ya dakika 40 na saa nzima kabla ya kuruka. Lenga kuwa mlangoni saa sita kamili. Njia panda ya KIA uwe umeshuka saa tano na nusu. Kutoka Arusha mpe kosta saa moja na nusu barabarani, kwa hiyo iwe imeondoka saa nne. Kosta haiondoki mpaka ijae, kwa hiyo wewe uwe stendi saa tatu na nusu. Kutoka Moshi punguza nusu saa kwenye mwendo wa barabarani, lakini usipunguze ule muda wa kusubiri gari lijae. Kwa ndege ya nje ongeza saa nyingine nzima.

Saa moja na nusu kwa kilomita 44 (zile 50 ukitoa 6 za mwisho) inaonekana nyingi. Sababu ziko hivi: barabara ya njia nne inatoka Sakina na kuishia Tengeru, kilomita 14 tu, baada ya hapo magari yote yanabanana kwenye njia mbili. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru, na barabara inajaa mikokoteni, bodaboda na matenga ya ndizi. Kisha vijiji vimefuatana, kila kimoja na vibao vya 50 na matuta, na askari wa tochi, wale wanaopima mwendo, hawako mbali. Dereva hawezi kufidia muda aliopoteza, na ukimwona anajaribu, hiyo si habari njema kwako.

Kupanda gari

Kutoka Arusha nenda stendi kuu, tafuta kosta ya Moshi. Siyo ya Usa River. Gari za Usa zinajaa haraka na zinaita kwa sauti kubwa, lakini zinaishia katikati ya njia. Kutoka Moshi nenda stendi kuu vilevile, panda ya Arusha. Za Boma Ng'ombe nazo zinaishia Boma, utalazimika kubadilisha.

Wapiga debe watakuwahi kabla hujafika kwenye gari. Begi lako lisishikwe na mtu ambaye hujamkubalia, na nauli usimpe mtu yeyote aliye chini. Mlipe konda ukiwa umeshakaa na gari limeanza kutembea, udai tiketi. Gari likiwa na watu watano ndani huku wapiga debe wanakwambia "linaondoka sasa hivi", hesabu vichwa mwenyewe.

Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa kilomita. Kwa viwango vilivyotangazwa Desemba 2023, basi la daraja la kawaida kwenye lami ni shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita. Piga hesabu: Arusha hadi njia panda ya KIA inatoka kama shilingi 2,100, Moshi hadi hapo kama 1,650. Arusha–Moshi nzima, kilomita 80, ni karibu 3,900. Viwango vikibadilika, badilisha namba ya kwanza tu, kilomita hazibadiliki.

Hapa ndipo mabishano yanapoanzia. Konda atataka nauli ya safari nzima, kwa hoja kwamba kiti umekikalia kuanzia stendi. Ana sababu yake: ukishuka KIA hakuna abiria wengi wa kupanda pale kujaza nafasi. Maliza jambo hili mlangoni kabla hujapanda, maana ukishakaa na begi limezama kwenye buti huna nguvu ya kubishana. Asipokubali, tofauti ni kama shilingi 1,800 kwa anayetoka Arusha na 2,250 kwa anayetoka Moshi. Kama muda umebana, lipa uende. Ukiwa na muda, panda daladala hadi Usa River au Tengeru na usimamishe kosta pale barabarani. Gari lenye kiti kitupu njiani linakubali bei ya kipande bila maneno.

Mzigo: begi moja la mkononi halilipiwi. Sanduku kubwa konda anaweza kulitoza, na bei yake mkubaliane kabla. Lisiwekwe chini ya viroba vya wanaoshuka Moshi, maana kosta haitasubiri dakika kumi wakifukua. Mwambie wazi, "Hili linashuka KIA," na lisukumwe karibu na mlango.

Kushuka

Neno la kumwambia konda ni "njia panda ya KIA", yote manne. Usiseme "njia panda" peke yake. Njia Panda ni mji, uko Himo, pale barabara ya Dar na ya Holili, mpakani na Kenya, zinapokutana. Anayetoka Dar au Tanga akisema "nishushe njia panda" atashushwa kweli, zaidi ya kilomita 50 kabla ya kufika anakokwenda, na konda hana kosa.

Ukitoka Arusha, vituo vinakuja hivi: Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti. Ukipita Kikatiti sogea mlangoni. Ukitoka Moshi, mji mkubwa wa mwisho ni Boma Ng'ombe. Baada ya hapo kaa macho.

Uwanja uko kusini mwa barabara kuu. Anayetoka Moshi anashuka upande uleule wa njia ya kuingilia. Anayetoka Arusha anashuka ng'ambo, na lazima avuke na mizigo yake. Malori ya Holili na mabasi ya Dar yanakuja kwa kasi pale, kwa hiyo subiri kosta yako iondoke kwanza. Ikiwa imesimama inakuziba usione kinachokuja nyuma yake, na dereva wa lori haoni kama kuna mtu.

Kilomita 6

Bodaboda ndiyo njia ya kawaida. Kabla hujapanda uliza vitu viwili: bei, na ananifikisha wapi, getini au mlango wa abiria? Asiyeuliza anaweza kushushwa kwenye geti akakokota sanduku juani, au akadaiwa nyongeza. Bei ya kwanza atakayoitaja ni ya mtu mwenye sanduku na haraka. Taja kilomita, taja bei yako, uwe na noti ndogo. Ukitoa ya elfu kumi, chenji haitapatikana, na siyo kwa bahati mbaya.

Begi la mgongoni livae mgongoni. Sanduku la kilo 23 linakaa mbele ya dereva, juu ya tangi, upana ukiwa kando ya mikono yake. Likimzuia kukata kona, mwambie alifunge nyuma kwa mpira na wewe uchukue pikipiki ya pili. Masanduku mawili makubwa na mtu mmoja ni bodaboda mbili au bajaji, hakuna ufundi mwingine. Dai kofia ngumu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, tembea na gunia safi au turubai dogo la kufunika begi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kutembea? Kwa mguu ni saa moja na robo ukiwa mtupu, kwenye uwanda wenye kivuli kidogo. Kwa mwenye begi jepesi na asubuhi yenye ubaridi, sawa. Saa saba mchana, hapana.

Wanaotoka mbali

Basi la Dar–Arusha linapita Moshi, Boma, kisha njia panda ya KIA, kwa hiyo hakuna sababu ya kwenda hadi Arusha na kurudi. Kata tiketi, mweleze konda mapema, mkumbushe Moshi. Wanaotoka Mombasa kwa Voi na Taveta wanaingilia Holili, wanapanda gari hadi Moshi, kisha kama wa Moshi. Kutoka Nairobi kwa Namanga, gari linaloendelea hadi Moshi litapita palepale. Linaloishia Arusha litakuacha stendi uanze upya.

Usiku na mizigo mingi

Mabasi makubwa yaliruhusiwa tena kutembea usiku kuanzia Oktoba 2023, lakini kosta za Arusha–Moshi zinapungua sana kuanzia saa mbili usiku, na pale njia panda giza likiingia si mahali pa kusimama na sanduku. Ndege ya usiku, nenda mchana. Shuka saa kumi jioni, ingia uwanjani, kaa na kitabu. Beba chakula chako, maana bei za ndani ni za wanaolipa kwa dola. Maji yanywe kabla ya ukaguzi, ndege za nje haziruhusu chupa ya zaidi ya mililita 100.

Mkiwa watu wanne, dola 50 ya teksi ni 12.50 kwa kila mmoja. Hapo, hasa na watoto au masanduku, piga hesabu upya kabla ya kung'ang'ania kosta. Kuna njia ya katikati pia: kosta au daladala hadi Usa River au Boma Ng'ombe, kisha teksi ya pale. Dereva wa Boma anahesabu kilomita 20 hivi, wa mjini anahesabu 40 au 50 na kurudi mtupu.

Ukitua, mambo yanageuka upande wako. Teksi zilizoleta abiria zinarudi mjini bila mtu, na dereva aliyekwishalipwa safari ya kuja anakubali bei ambayo asubuhi angekucheka. Toka nje ya mlango, pita wanaokuita, na uulize wale wanaowasha gari kuondoka.