Dalgona kwenye seredani, usiunguze upawa wa mama

Wale mliokuwa mnaniuliza ile sukari ya Wakorea naifanyaje hapa nyumbani Wete, haya chukueni. Inaitwa dalgona, wengine huiita ppopgi, na kabla haijajulikana dunia nzima kwa ile tamthilia ya Squid Game ya 2021, watoto wa Korea walikuwa wakiinunua njiani karibu na skuli, muuzaji kakaa na upawa wake juu ya moto kama muuza kashata wetu tu.

Vitu viwili: sukari vijiko viwili vya chakula, na bekingi soda ya kubana kwa ncha za vidole. Soda jamani, sio bekingi pauda, na msije mkanitilia magadi ya sabuni. Upawa uwe wa stili, wa kifuu utaungua. Kabla ya chochote pakaza mafuta sinia na kitako cha kikombe, maana sukari ikishaiva haikungoji.

Moto ndo kila kitu. Makaa yawe mekundu bila ndimi, upawa uushike juu juu, ukiona pembeni panaanza kuungua unyanyue kidogo kisha uurudishe, huku unakoroga kwa kijiti polepole mpaka iwe maji ya rangi ya asali, ikifika rangi ya kahawa ushachelewa, itakuwa chungu. Hapo itoe motoni, tia soda, koroga mbio mbio, utaiona inavimba na kugeuka rangi ya chai ya maziwa, joto linatoa gesi kwenye soda na gesi inanasa humo humo ndani ya sukari. Mie mara ya kwanza nilitia soda nusu kijiko nikidhani ndo itavimba vizuri, ikavimba kweli, ikamwagikia makaa, na iliyobaki kama nimelamba sabuni.

Mimina kwenye sinia, hesabu mpaka kumi, kandamiza kwa kikombe iwe nyembamba, halafu weka kile kibati cha kukatia biskuti za sikukuu, nyota au moyo, ukibonyeze kidogo tu kisifike chini. Ukiwahi inagandia kikombe, ukichelewa inapasuka. Na watoto wakae mbali, sukari ya moto ikikurukia haidondoki, inaganda kwenye ngozi.

Sasa mchezo wenyewe, kuitoa ile nyota nzima. Kule mtoto akiweza alikuwa anapewa nyengine bure. Mie nakwaruza mstari kwa pini ya ushungi, mpwa wangu yeye anailamba kwa nyuma mpaka inalainika, na ndo anayenishinda kila siku. Kwa utamu tu, tuseme kweli, gubiti inaipita.

Msiiweke mpaka kesho, hasa masika, unyevu wetu huu unaifanya inate kama gundi. Na upawa ukigandwa na sukari usiukwangue kwa kisu, tia maji uurudishe motoni, inayeyuka yenyewe kabla mama hajauulizia.