Kabla Hujakata Kitambaa: Mfarishi Huu ni wa Nani?

Mfarishi wangu wa kwanza ulinichukua miezi saba na haujalaliwa hata usiku mmoja. Niliushona kwanza, halafu ndipo nikaanza kutafuta wa kumpa. Ulikuwa na vipande vya kitenge cha bluu kwenye kitambaa cheupe, ndani nimejaza pamba nzito. Nikaupeleka Tanga kwa shangazi. Alipiga vigelegele, akaukunja, akautia kwenye mfuko wa nailoni na kuufungia kabatini. Mwaka uliofuata nilipouulizia, akanijibu, "Mwanangu, ule ni wa wageni. Na joto hili letu nitajifunika vipi?"

Tangu siku hiyo sishiki mkasi kabla sijajua ninayemshonea. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Andika jina kwenye karatasi

"Wa zawadi" si jibu, wala "wa harusi" si jibu. Andika jina la mtu mmoja, na chini yake mahali anapolala: mji gani, chumba gani, analala peke yake au na nani. Mtu wa Njombe au Lushoto anatafuta joto. Wa Mombasa au Dar anataka kitu cha kutandika mchana, na usiku wa Julai kiwe chepesi cha kujitupia miguuni. Kama jina haliji, shona kitu kidogo kwanza, foronya au kitambaa cha meza, mpaka lije.

Hatua ya 2: Pima kitanda

Usikisie kwa macho. Muulize mtu wa nyumbani kwake kitanda ni futi ngapi: 3 kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6 au 6 kwa 6. Uliza pia unene wa godoro.

Tuseme ni 5 kwa 6, na mfarishi ni wa kutandika. Ongeza futi 1 kila ubavu na futi 1 miguuni, kichwani usiongeze kitu. Unapata futi 7 kwa 7, yaani inchi 84 kwa 84. Kisha ongeza inchi 2 kila upande, kwa sababu ukishashona tabaka zote tatu (uso, cha kujaza na bitana) kitambaa hujivuta kikapungua.

Lakini kama ni wa kujifunika usiku, uliza kwanza kuhusu chandarua. Chandarua huchomekwa chini ya godoro, na mfarishi unaoning'inia futi nzima kila upande utakichomoa kila mtu akijigeuza. Hapo mimi nashona sawa na godoro, basi.

Hatua ya 3: Nani ataufua?

Swali hili watu hulisahau, na ndilo linaloamua cha kuweka katikati. Pamba ya kujaza inapolowa ni mzigo; bibi wa miaka 70 hawezi kuikamua kwenye beseni, na isiposhonwa kwa mishono ya karibu karibu hujikusanya mabonge. Polista ni nyepesi na hukauka upesi, ila kwenye joto humtoa mtu jasho.

Kwa bibi au babu nashona mdogo, futi 4 kwa 5, wa kujifunika magoti akiwa amekaa. Katikati naweka shuka kuukuu la pamba lililolainika. Mjukuu anaufua asubuhi, jioni unarudi kwa mwenyewe. Kwa kijana mwenye mashine ya kufulia, jaza unachotaka.

Hatua ya 4: Kama unatumia khanga, zisome

Wengi huanza kukata wakiangalia rangi tu. Khanga ina jina, na jina linasema. "Nani kama mama" utampa mama yako bila wasiwasi. Lakini mkwe akiletewa mfarishi na mama wa mumewe, akaufunua akakutana na "Hasidi hana sababu", utamweleza nini? Ataamini ni kijembe, na shoga zake watamsaidia kuamini.

Ukiisha chagua jina, lilinde. Niliwahi kukata khanga ya "Japo sipati tamaa sikati" katika miraba ya inchi 12 bila kufikiri. Nilipovipanga vipande sakafuni, mmoja ulikuwa umebaki na neno SIKATI peke yake, na mkasi bado mkononi mwangu. Sasa jina nalitoa kwanza, ukanda mzima wa upana wa inchi 4 hivi, na kuuweka upande wa kichwani, lisomeke mtu anapotandika.

Hesabu yake: kwa miraba ya inchi 12 iliyokwisha kushonwa, kata inchi 12 na nusu, robo inchi kila upande iliwe na mshono. Khanga moja ya sentimita 110 kwa 150 inatoa miraba 12. Mfarishi wa futi 7 kwa 7 unataka 49, kwa hiyo khanga 4 zinakuacha pungufu ya mraba mmoja, na kila unapotenga ukanda wa jina unaweza kupoteza safu ya miraba 4. Nunua doti 3. Khanga ya sita itatoa pindo la kuzungushia. Zile inchi mbili za ziada nazo utazipata kwa kuzungusha ukanda mwembamba kabla ya kuweka tabaka.

Miraba 7 kwa 7 ina katikati yake halisi. Hapo naweka kitu cha mwenyewe: kipande cha sare yake ya shule, au cha gauni alilovaa siku aliyoposwa.

Hatua ya 5: Nguo za marehemu

Hapa tulia. Watu huleta khanga za mama aliyefariki, wanataka mfarishi wa kumbukumbu. Mimi huuliza: ndugu wamekaa? Nguo za marehemu zina taratibu zake. Zipo familia zinazozitoa sadaka, zipo zinazozigawa, na kwa Waislamu mali inayobaki baada ya mazishi, madeni na wasia ni ya warithi. Fundi ukikata kabla hawajakubaliana, umeingia kwenye ugomvi usio wako, na kitambaa hakirudi.

Wakikubaliana, swali linabaki lilelile: ni wa nani? Watoto wanne, mfarishi mmoja, haugawanyiki. Nashauri foronya nne, kila mmoja apate khanga ya mama kichwani pake.

Hatua ya 6: Mtoto mchanga

Mtoto asiyefika mwaka asilazwe na mfarishi kitandani. Unaweza kumfunika uso akakosa hewa. Kwa hiyo mfanyie wa kuchezea sakafuni, inchi 40 kwa 40, usio na vifungo wala shanga wala nyuzi za kuning'inia. Akikua ataukokota mwenyewe.

Hatua ya 7: Fua, kisha kata

Loweka kila kitambaa peke yake na ukisuuze mpaka maji yawe meupe. Usiamini kwamba chumvi itazuia rangi kuchuja. Kikikauka, weka juu yake kitambaa cheupe chenye unyevu na upitishe pasi ya moto. Kile cheupe kikishika rangi, rudia kufua. Nyekundu ndiyo msumbufu mkubwa.

Sasa unaweza kukata, kuunga, kuweka bitana na kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tabaka. Jina la mwenyewe nalitarizi nyuma, kwenye kona, tena siku ya mwisho kabisa. Nilishawahi kutarizi majina mawili ndani ya moyo wiki sita kabla ya harusi, na harusi ikavunjika. Kufumua lile la bwana harusi kulinichukua jioni nzima, na matundu ya sindano hadi leo yanaonekana.