Goti Moja Lililovimba Ghafla: Hatua za Uchunguzi na Matibabu kwa Tabibu Mwanafunzi

Goti moja lililovimba, lenye joto na maumivu yaliyoanza ndani ya siku chache, lichukuliwe kuwa na maambukizi ya bakteria mpaka vipimo vioneshe vinginevyo, kwa kuwa usaha huharibu upesi gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, na gegedu lililokwisha kuharibika halirudi katika hali yake.

Hatua ya 1. Uliza kuhusu kuanguka, homa, kisukari, VVU, selimundu, dalili za kisonono na sindano yoyote iliyowahi kuchomwa kwenye goti hilo. Mzee au mtu mwenye kinga dhaifu anaweza kuwa na usaha gotini bila homa yoyote.

Hatua ya 2. Linganisha magoti yote mawili, kisha mwombe mgonjwa akunje goti mwenyewe kabla hujamkunjia. Tatizo likiwa ndani ya kiungo, kwa kawaida mikunjo yote miwili huuma sana. Kwa mtoto anayekataa kukanyaga, chunguza na nyonga, kwani maumivu yake mara nyingi husikika gotini.

Hatua ya 3. Vuta maji ya kiungo kabla ya kuanza antibiotiki. Hapa ndipo wanafunzi wengi husita, wakisubiri picha ya eksirei ambayo mwanzoni mara nyingi huonesha uvimbe tu. Safisha ngozi, weka ganzi, kisha ingiza sindano kutokea upande wa nje, juu kidogo ya pia ya goti, ukiielekeza nyuma ya pia. Usiipitishe kamwe kwenye ngozi yenye maambukizi. Damu yenye matone ya mafuta huashiria mfupa uliovunjika ndani ya kiungo. Maji ya ukungu yapelekwe maabara kwa kipimo cha Gram (kupaka rangi ili bakteria waonekane kwa hadubini), kuotesha vimelea, kuhesabu seli na kutafuta fuwele. Seli nyeupe zaidi ya 50,000 kwa milimita moja ya ujazo huelekeza kwenye maambukizi, ingawa idadi ndogo haiyaondoi. Wala fuwele za jongo haziyaondoi, maana huweza kuwapo pamoja.

Hatua ya 4. Sampuli ya maji na ya damu zikishachukuliwa, anza mara moja antibiotiki ya mshipa inayoweza kuua bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, tuliza maumivu, egemeza mguu kwa banzi na upange kiungo kisafishwe na daktari wa upasuaji wa mifupa. Mgonjwa aliyezidiwa, ambaye shinikizo la damu linashuka, asicheleweshewe dawa kwa ajili ya sampuli. Barua ya rufaa itaje saa ya kuvuta maji, rangi yake, na dawa aliyopewa pamoja na dozi.