Miche ya tungule kurefuka ovyo kitaluni: joto la usiku na kivuli

Kaskazi ikishakolea, Januari na Februari, miche ya tungule (nyanya) katika vitalu vya Unguja na Pemba hurefuka upesi, shina jembamba, ukiigusa inalala. Tazama kipande cha shina kati ya udongo na yale majani mawili ya mbegu: kikiwa kirefu na cheupecheupe, tatizo limeshaanza. Wengi hukimbilia mbolea ya Urea, na hapo ndipo inapozidi kulainika.

Chanzo kimo ndani ya mche. Majani yana protini iitwayo fitokromu. Mwanga mwekundu wa jua huiwasha, na ikiwaka huzuia shina lisirefuke kupita kiasi. Giza likiingia hujizima polepole, na usiku wa joto hujizima haraka zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge, Uingereza, na wenzao wa Argentina walionyesha, kwa kimmea cha maabara kiitwacho arabidopsisi, kwamba protini hiyohiyo ya mwanga ndiyo pia inayopima joto. Mche uliolala kwenye joto hujiona uko kivulini, ukakimbilia juu.

Joto la usiku hatuliwezi, kivuli tunakiweza. Kitalu kisiwe chini ya mwembe wala migomba. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na kupitisha ule wekundu wa mwisho ambao jicho halioni vizuri, na huo huizima fitokromu hata mchana. Makuti makavu ni bora: hupunguza ukali wa jua bila kuchuja rangi hiyo. Yatandaze mita 1 juu ya tuta, yapitishe madoa ya jua. Miche ikitoa majani mawili ya kweli, anza kuyaondoa makuti asubuhi, muda ukiongezeka kila siku. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, iache juani kutwa.

Miche iliyosongamana nayo hutiliana kivuli cha majani mabichi. Sia kwa mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, kina sentimita 1, kisha punguza ibaki sentimita 3 hadi 5 kati ya mche na mche. Mwagilia asubuhi, tuta likilala na maji kinyausi, ugonjwa wa kuozesha shina la mche, huingia, na miche myembamba ndiyo inayoanguka mwanzo.

Tungule iliyokwisha kurefuka usiitupe, kwani huota mizizi shinani. Ondoa majani ya chini, panda jioni, ukifukia shina hadi karibu na majani yaliyobaki. Pilipili haina wepesi huo. Iliyorefuka sana, sia upya.