Bastola ya zamani ya shabaha: isikilize kabla hujatoa pesa

Baba yangu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, barazani kwetu Tanga. Mteja akileta Singer yake na kuanza kueleza ugonjwa, baba aliitikia kwa heshima tu, huku anazungusha gurudumu polepole kwa mkono, kichwa kimeinama, anasikiliza. Mimi nimeishia Ohio, kwenye karakana ya kuchonga vyuma, na Jumamosi zangu huliwa na bastola za zamani za shabaha, zile za risasi ndogo ya pointi ishirini na mbili. Ndugu zangu nyumbani wakisikia hushtuka, kwani kwao bastola ni ya askari au ya jambazi. Nawaambia hizi zilitengenezwa kutoboa karatasi, na fundi aliyezitengeneza alihesabu unene wa unywele.

Anza na risasi yenyewe, maana ndiyo inayoamua mambo mengi. Hiyo pointi ishirini na mbili, kwa jina kamili .22 Long Rifle, imekuwapo tangu 1887, na haina kiwashio katikati ya kitako chake. Dawa ya kuwashia imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bastola hugonga ukingo huo. Sasa fikiri: ukibonyeza kifyatuo chemba, yaani tundu risasi inamokaa, ikiwa tupu, pini itagonga nini? Inagonga chuma cha mdomo wa chemba, kama sindano ya cherehani inavyogonga bati ikipinda. Ikirudiwa miaka, mdomo unabonyea, na maganda yanaanza kukwama. Kwa hiyo ukishika bastola ya mtu mezani, toa magazini (kile kisanduku cha risasi ndani ya mpini), vuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, angalia chemba kwa macho yako, kisha omba ruhusa kabla ya kugusa kifyatuo. Mimi natembea na plagi ndogo za plastiki za ukutani, zile za skrubu. Moja ikiingia kwenye chemba, pini inagonga plastiki na kila mtu anabaki na amani.

Hapo ndipo masikio yanapofanya kazi. Bonyeza taratibu. Kifyatuo cha shabaha kinatakiwa kikatike ghafla, kama kijiti kikavu, bila kuburuta. Ukisikia mkwaruzo, kuna kutu au kuna mtu aliyepitisha tupa. Kutu hutibika.

Bastola yangu ya kwanza ilinifunza kwa gharama. Niliiona kwenye maonyesho ya silaha, Colt Woodsman inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi, nikalipa dola 650 bila kupumua. Nyumbani, chini ya taa, nikaona herufi ubavuni zimefifia kingo kama sabuni iliyotumika. Matundu ya skrubu yalikuwa yamebonyea kama visahani. Mtu alikuwa ameisugua kwenye gurudumu la kung'arishia, akaipaka weusi mpya. Inapiga vizuri hadi leo, lakini kwa mkusanyaji thamani yake ilibaki kwenye lile gurudumu. Tangu hapo ninapenda zaidi bastola iliyochakaa kwa haki: weusi umepauka mahali kiganja kinaposhika, kingo zote bado kali, herufi zinakwaruza ukucha.

Woodsman ni somo peke yake. Ilichorwa na John Browning, ikaanza kuuzwa 1915, ikapewa jina hilo 1927, na uzalishaji ukakoma 1977. Wenyewe huigawa mafungu matatu, na njia ya haraka ya kuyatambua ni kitufe cha kutolea magazini. Fungu la kwanza kiko chini kwenye kisigino cha mpini. La pili, kuanzia 1947, kiko juu karibu na kidole gumba. La tatu, kuanzia 1955, kimerudi kisiginoni. Kwenye zile za mwanzo kabisa, angalia pia mgongo wa mpini. Ukiona michoro ya miraba midogo, hiyo ni ya kabla ya mabadiliko ya mwaka 1932 hivi, na haikuundwa kwa risasi za kasi kubwa. Mistari ya kulala ndiyo alama ya chuma kilichoimarishwa. Kwa vyovyote, bastola yoyote ya umri huo mimi huilisha risasi za kasi ya kawaida. Hakuna karatasi iliyowahi kulalamika kwamba risasi imechelewa.

Kama mfuko ni mwembamba, anza na Ruger Standard. Ilitoka 1949 kwa dola 37.50, na ni imara kama jembe. Tazama nembo ya tai kwenye mpini. Kwa zile za mwanzo ni nyekundu. Alexander Sturm, mbia wa Ruger, alipofariki 1951, tai akawa mweusi. Zenye tai mwekundu bei yake hupanda, na mpini hubadilishwa kwa bisibisi moja, kwa hiyo usinunue tai, linganisha kwanza namba ya silaha na mwaka wake.

Moyo wangu uko kwa High Standard ya Connecticut. William McMillan alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Roma 1960 akiwa na bastola ya kiwanda hicho, na hapa Ohio, kwenye viwanja vya Camp Perry kando ya Ziwa Erie, wazee bado wanazo. Mchezo wao ni wa mkono mmoja: risasi kumi kwa dakika kumi kwenye yadi 50, kisha yadi 25, tano kwa sekunde 20, na tano tena kwa sekunde 10. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini mtutu ni mzito mbele na kwa nini miundo mingine ina mpini ulioigwa pembe ya Colt 1911, bastola ya jeshi ya risasi ya .45: mpigaji huyohuyo alishika .45 baadaye siku hiyo, na mkono haupendi kubadilishiwa nyumba.

Tatizo lake ni magazini. Midomo yake ya juu ikipinda kidogo tu, risasi inaingia kichwa juu na kukwama. Magazini ya mpini wa kulala haifanyi kazi kwenye mpini wa kijeshi, yaani ule wa pembe ya 1911, na muuzaji si lazima ajue. Omba uione ikilisha risasi uwanjani, au punguza bei kana kwamba haina magazini. Kwa ile yenye kitufe cha kufungulia mtutu, mtutu hutoka kwa mkono; utoe, uelekeze kwenye taa, tafuta pete nyeusi ndani ya mifereji. Pete hiyo ina maana risasi iliwahi kukwama na nyingine ikaifuata. Rudisha mezani, sema asante.

Kuhusu sheria, hapa Marekani silaha iliyotimiza miaka 50 ikiwa katika hali yake ya asili huhesabiwa ya kale, na ipo leseni ya shirikisho ya mkusanyaji, dola 30 kwa miaka 3. Majimbo yana yake juu ya hayo. Ndugu uliye na viza ya muda, kwa kawaida huruhusiwi kumiliki hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache; muulize wakili, usimuulize rafiki. Na usiote kuipeleka nyumbani kwenye begi.

Kuitunza ni kazi ndogo: kitambaa chenye mafuta kidogo kila ukiishika, kwa sababu jasho la kidole huacha alama ya kutu. Sefu yenye kufuli, risasi mahali pengine, na kifyonza unyevu ndani. Usiilaze kwenye mkoba wa ngozi hata ukiwa ule uliokuja nayo, ngozi hunywa unyevu na kuutapika kwenye chuma. Wa Woodsman yangu ninao. Umetundikwa ukutani, mtupu.