Trili ya kasi kwenye piano: fupisha mwendo wa vidole

Trili, yaani noti mbili jirani zinazopishana haraka, ikikwama, wengi huongeza nguvu. Mkono unakakamaa, na noti zilizokuwa zikipishana vizuri zinaanza kugongana. Tatizo mara nyingi ni vidole kusafiri mbali mno. Kibonye cha piano hushuka takribani milimita 10 tu. Kidole kinachonyanyuliwa sentimita 3 juu yake kinasafiri mara nne ya umbali unaohitajika. Basi vidole vikae vimegusa vibonye muda wote.

Vidole gani? Tukihesabu gumba kuwa 1, jozi za kutegemea ni 2-3 na 1-3. Binafsi napendelea 1-3: nafasi iliyopo kati ya vidole hivyo huruhusu mkono mzima kujipindua kidogo kuanzia kwenye kiwiko, kama unapofungua kitasa cha mlango, hivyo vidole havibebi kazi peke yao. 4-5 itumie tu pale vidole vingine vinaposhikilia noti nyingine. Trili ikiwa kati ya kibonye cheupe na cheusi, cheusi kipewe kidole kirefu. Kwa trili ndefu jaribu 1-3-2-3, gumba na kidole cha pili wakipokezana noti ya chini, uchovu huchelewa.

Weka metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) kwenye 60, yaani mapigo 60 kwa dakika, mkono wa kulia kwenye do na re, sauti ndogo. Piga noti 2 kwa kila pigo, kisha 4. Sikiliza kama zote zinalingana. Kwa kawaida moja hufifia. Ipe noti hiyo urefu, nyingine uifupishe, halafu geuza mpangilio.

Sasa mafungu, na hapa ndipo kasi hupatikana. Piga do-re-do haraka uwezavyo, tua kwenye do ya mwisho, legeza mkono kabisa. Kagua: bega limepanda? Gumba limejikunja? Kifundo cha mkono kimekaza? Kama kila kitu kimelegea, ongeza hadi noti 5, kisha 7, kisha 9. Ukihisi mkazo, rudi fungu moja nyuma. Ukilazimisha, mkono utazoea huo mkazo na kuuondoa baadaye ni kazi kubwa.

Mafungu yakitulia, rudi kwenye noti 4 kwa pigo na upandishe metronomu kwa 4 kila mara. Kwenye 120 utakuwa unapiga noti 8 kwa sekunde, kasi inayotosha sehemu nyingi.

Noti zikipotea kwenye piano ya wima, huenda vidole havina kosa. Mtambo aliobuni Sébastien Érard mwaka 1821 huiwezesha piano kubwa ya kulala kurudia noti kabla kibonye hakijapanda chote. Cha piano ya wima huhitaji kupanda zaidi. Kiachie kibonye kipande juu, na usogeze vidole kuelekea ukingo wake ulio karibu nawe, ambako ni chepesi.

Mwisho wa trili ufanyie mazoezi peke yake, tena mapema, maana wengi hukwama hapo kwa sababu kidole cha noti ya chini hakijajiandaa. Kwa trili ya do na re: do-re-do-si-do, vidole 2-3-2-1-2. Gumba likae juu ya si tangu mwanzo wa trili.